Mvua ya Santos

(Hotuba kwa wanafunzi wa ubaharia na familia za mabaharia, Dar es Salaam, Siku ya Mabaharia Duniani, 25 Juni)

Assalaam alaikum. Bwana asifiwe. Wazee wenzangu, shikamooni. Kina mama mliokuja na picha za waume zenu na wanenu mikobani, poleni na kusubiri. Na nyinyi wanangu wenye sare nyeupe, hamjambo.

Mwalimu wenu aliponipigia simu alitaka nije kuzungumza juu ya usalama melini. Nikamwambia usalama mnafundishwa kila siku, na mnafundishwa vizuri. Mimi niachieni jambo moja ambalo sijaliona kwenye ratiba yenu, nalo ni kushuka. Kushuka melini, kukanyaga nchi kavu, kutembea mji wa watu kwa saa chache, kisha kurudi. Mtu wa bara akisikia hivyo anadhani ni starehe. Nimefanya kazi hii miaka 37, nawaambia si starehe. Ni kama maji ya kunywa.

Nitaanza na mvua.

Mwaka 1986, mwezi wa sita. Nilikuwa na miaka 24, baharia wa dekini, safari yangu ya pili ya mbali. Meli ilikuwa kuukuu, mwenyewe Mgiriki, bendera ya Panama. Tulitoka Durban, na siku 14 hatukuona kitu ila maji na ndege wawili watatu wa baharini. Tulikuwa tunakwenda Santos, Brazili, kupakia sukari ya magunia. Sasa sukari na maji hawakai nyumba moja. Wingu likitanda tu, msimamizi wa makuli anapiga filimbi, vifuniko vya matumbo ya meli vinafungwa, winchi zinanyamaza, makuli wanajibanza ghalani. Na baharia asiye zamu anakwenda kuoga na kutafuta shati safi. Mkulima anaomba mvua kwa ajili ya shamba. Sisi tuliiomba kwa ajili ya miguu yetu. Kazi ya siku nne tuliimaliza kwa siku tisa, na kila siku iliyoongezeka mwenye meli alihesabu hasara, sisi tukamshukuru Mungu.

Watanzania tulikuwa watatu. Mimi wa Temeke, mwenzangu wa Tanga aliyekuwa chini kwenye injini, na bosani wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa dekini, mzee wa Kipemba aliyenizidi miaka 30. Mzee yule ndiye aliyenifundisha kushuka, maana kuna kushuka na kushuka. Siku ya kwanza nimeshika pasi yangu mkononi, nimechukua adivansi ya dola chache kwa kapteni, moyo unakimbia, akanisimamisha juu ya ngazi.

“Mwanangu,” akasema, “baa ya kwanza ukitoka getini imejengwa kwa ajili ya mshahara wako. Usiingie. Vuka mitaa mitatu, ndipo mji unapoanza.”

Nikavuka mitaa mitatu.

Kitu cha kwanza utakachokiona ukishuka baada ya wiki mbili za bahari kuu ni kwamba ardhi inayumba. Meli ndiyo iliyokuwa inayumba, lakini mwili umeshazoea, umejipanga kwa wimbi. Sasa unakanyaga lami, mguu unangoja wimbi, wimbi haliji. Unasimama umepanua miguu kidogo kama mtu aliyebeba mzigo kichwani. Ndiyo maana baharia mnamtambua mtaani hata akivaa suti. Inachukua saa moja, pengine mbili, mpaka mwili ukubali kwamba chini pametulia. Na hapo ndipo akili nayo inatulia. Unaanza kusikia vitu ambavyo hukujua kwamba ulikuwa huvisikii: mtoto analia ndani ya nyumba, sufuria inasuguliwa, jogoo. Melini hakuna jogoo. Kuna mashine tu, usiku na mchana, mpaka unasahau kwamba ni kelele.

Santos iko kwenye kisiwa. Upande wa ndani ndiyo bandari, upande wa bahari kuu ndiyo ufukwe, na mji umekaa katikati. Kwa hiyo baharia anauvuka mji mzima kwa miguu, chini ya saa moja, kutoka kwenye vumbi la sukari hadi kwenye mchanga. Katikati ya mji wa kale kuna jumba kubwa la soko la kahawa lililofunguliwa mwaka 1922, maana kahawa ya Brazili ilipita hapo kwenda duniani. Ukiendelea unafuata mfereji. Mji ule umekatwa kwa mifereji ya zege inayokwenda baharini, imepewa namba, na watu wanaitumia kama anwani: naishi mfereji wa 4, tukutane mfereji wa 2. Mimi niliipenda kwa sababu hata mgeni asiyejua lugha hapotei.

Baadaye ndipo nilipojua kwa nini ilichimbwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Santos ilikuwa inaogopwa na mabaharia wa dunia nzima. Homa ya manjano iliua watu mjini na iliua watu melini. Kuna meli zilizobaki zimetia nanga, watu wa kuziendesha wamekwisha. Mhandisi mmoja, Saturnino de Brito, ndiye aliyepanga mifereji ya kuondoa maji yaliyotuama, na wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1907. Nikilifikiria hilo nashikwa na heshima. Vijana kama nyinyi walikufa pale kwa sababu ya kushuka, na wengine bila hata kushuka. Miaka 79 baadaye mimi natembea kando ya mfereji uleule nakula chungwa.

Ufukwe wake ni mrefu, mpana, na mchanga wake umeshikana kiasi kwamba watu wanaendesha baiskeli juu yake. Kando yake kuna bustani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 5, maua na minazi, na nyuma ya bustani maghorofa. Baadhi ya maghorofa yale yameinama. Chini ya mchanga kuna udongo laini wa mfinyanzi, na majengo yaliyosimamishwa bila misingi mirefu yakazama upande mmoja, watu wanaishi humohumo. Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ni macho yangu ya baharini. Nikamuuliza yule mwenzangu wa Tanga, akasema naye anayaona yameinama. Tulifarijika sana.

Kila jioni, mvua ikikatika, ule mchanga ulijaa. Wazee wanacheza karata, wasichana wanacheza mpira wa wavu, na watoto wanacheza soka pekupeku, timu baada ya timu, mpaka unashindwa kujua goli la nani liko wapi. Huo ndio mji aliokulia kisoka Pelé, aliyeichezea klabu ya Santos tangu 1956 hadi 1974. Siku za mwisho wa juma watu walishuka kwa mabasi kutoka São Paulo, kama vile watu wa Kimara na Mbagala mnavyomiminika Coco Beach siku ya Jumapili. Furaha ya watu wa pwani ni moja, wanangu. Haina mlango, hailipiwi kiingilio, na mgeni hahitaji kualikwa.

Mwisho wa ufukwe kuna mahali panaitwa Ponta da Praia. Hapo ndipo nilipotaka kulia. Kuna mlango mwembamba wa bandari, meli zinapita karibu kabisa na watu waliosimama ukutani. Kuna soko la samaki. Na kuna pantoni! Pantoni inavusha watu, magari na baiskeli kwenda ng'ambo ya pili, Guarujá. Nikasimama pale nikasema hii ni Feri. Hii ni Magogoni, ile kule ni Kigamboni, Mungu amenichukua amenizungusha dunia amenirudisha nyumbani. Harufu ileile ya magamba ya samaki na dizeli. Watu walewale wanaokimbia wakati mlango unafungwa.

Karibu na soko kulikuwa na mama mmoja ana kibanda, anauza vyakula vya kukaanga. Nikaona kwenye karai lake vipande virefu vyeupe vinageuka rangi ya dhahabu. Nikasema kwa sauti, “Muhogo!” Akanijibu, “Mandioca.” Muhogo wetu asili yake ni huko kwao, Wareno ndio waliouleta Afrika. Mimi sikujua hayo siku hiyo. Nilijua tu kwamba nimekaa, naila mihogo ya moto, na mtu ananitazama kama mtu anavyomtazama mtu, si kama anavyomtazama baharia. Getini tunaitwa kwa namba za pasi. Kwenye kibanda kile niliulizwa jina langu.

Tulikuwa hatuna lugha. Lakini alikuwa na kijana wake wa miaka kama kumi, mtundu, akaanza mchezo wa kuonyesha vitu. Akagonga ubao tuliokalia kula, akasema mesa. Nikasema meza. Akashangaa. Wakati ule mji mzima ulikuwa umetundikwa bendera, maana Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Meksiko. Nikanyoosha kidole dirishani, nikasema bendera. Yeye akaruka: bandeira! Mama yake akatoa kitambaa cha mfukoni, lenço. Mimi nikasema leso. Maneno ya Mreno yaliyokuja pwani yetu na majahazi yake, yakabaki, na sasa yamenisaidia mimi kukaa kitako na watu nisiowajua upande wa pili wa bahari. Nilirudi kila siku ya mvua. Sikumbuki kuwa nilinunua chochote kingine Santos ila sabuni, kadi tatu za posta na mihogo.

Halafu ikaja Jumamosi, 21 Juni. Brazili na Ufaransa, robo fainali. Siku hiyo hatukuhitaji mvua. Kazi bandarini ilisimama yenyewe. Saa tisa alasiri, mtaani huoni hata mbwa. Mama alikuwa ameweka televisheni ndogo juu ya sanduku la barafu, tumejaa watu kama 20, na kijana wake amenivika shati la njano. Careca akafunga. Sijawahi kusikia sauti kama ile tena. Ilitoka kila dirisha kwa pamoja, na baharini meli zilizotia nanga zikajibu kwa honi. Platini akasawazisha. Kipindi cha pili Brazili ikapata penalti, Zico akapiga, kipa wa Ufaransa akadaka. Ikaenda hadi mikwaju ya penalti, Socrates akakosa, Platini naye akapaisha, Júlio César akagonga mwamba, Ufaransa ikashinda 4–3.

Basi mji ule wa kelele ukanyamaza. Kimya kile nimekibeba miaka yote hii. Watu hawakutukana, hawakuvunja kitu. Walitoka wakaenda ufukweni wakakaa mchangani wanatazama bahari, maelfu ya watu na nguo zao za njano, jua linazama. Mimi nilikaa nao. Kijana alikuwa analia amenilalia begani, na mimi, ambaye Brazili si kwetu, machozi yalinitoka. Mama akatuletea mihogo iliyobaki. Nikataka kulipa, akaukunja mkono wangu na hela ndani yake, akanirudishia kifuani.

Ubao wa ngazini ulikuwa umeandika turudi saa nne usiku. Nilirudi saa tatu na nusu. Bosani alikuwa amekaa juu ya ngazi ananisubiri, akanitazama uso, hakuniuliza kitu. Aliniambia tu nikanawe, amenifichia wali.

Sasa nawaambia kwa nini nimewasimulia hayo yote.

Mkataba wangu wa mwisho nilianza Februari 2020. Miezi tisa, ndivyo ilivyoandikwa. Mnakumbuka kilichotokea Machi. Nchi zikafunga milango, viwanja vya ndege vikafungwa, na mabaharia wapatao 400,000 wakakwama melini wakati mikataba yao imekwisha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilishuka baada ya miezi 13. Miezi 13, wanangu, bila mguu wangu kugusa udongo hata mara moja, na sheria inasema baharia asifikishe miezi 12 mfululizo melini. Tulitia nanga wiki tatu mbele ya mji mmoja wa pwani, mzuri; usiku tunaona taa, upepo ukija upande wetu tunasikia muziki. Tulikuwa na kijana wa Kifilipino wa injini, jino limemwoza. Tuliomba ashushwe kwa daktari. Kampuni ikasema haiwezekani, bandari ikasema haiwezekani. Jino lile aliling'oa ofisa mkuu, daktari yuko kwenye simu anaelekeza.

Usiku ule kijana alikuja akakaa nami tezi, kule nyuma ya meli, shavu limevimba. Akanyoosha kidole kwenye zile taa. Akaniambia, maana sasa bosani nilikuwa mimi: Bosani, nisimulie mji. Mji wowote. Nikamsimulia Santos. Nilimsimulia mifereji, maghorofa yaliyoinama, mihogo, mpira. Kesho yake walikuja watatu. Baada ya wiki, kila aliyekuwa hayupo zamu alikuja kukaa tezi, na mimi nimemaliza Santos nimeingia Durban, nimemaliza Durban nimerudi tena Santos kwa sababu waliitaka ile mechi. Tulikula kumbukumbu kama chakula. Lakini vijana wale, wengi wao, wamefanya kazi miaka minne, mitano, na walikuwa hawana mji hata mmoja wa kunisimulia mimi. Hiyo ndiyo iliyonitia uchungu. Korona ilikuwa ya mwaka ule na uliofuata. Wao walikuwa hawajashuka tangu kabla yake.

Meli ya makontena siku hizi mara nyingi haimalizi hata siku moja gatini. Hakuna mvua ya kusimamisha kontena. Na gati liko mbali na mji, na tangu Julai 2004 ilipoanza kanuni ya ulinzi wa meli na bandari, baharia anachukuliwa kama hatari. Kuna geti moja nililokataliwa kutembea kwa miguu mita 300 kwa sababu za kiusalama, nikatakiwa kukodi gari la kunivusha kwa bei ya mshahara wa siku mbili. Nikarudi kulala. Na ninalotaka mlijue kwa kichwa, kwa sababu mtaambiwa uongo: kanuni ileile ya ulinzi inataka mpango wa ulinzi wa bandari uwe na utaratibu wa kuwawezesha mabaharia kushuka. Na Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, unaotumika tangu Agosti 2013, kanuni yake ya 2.4, unasema baharia apewe ruhusa ya kushuka kwa ajili ya afya yake na ustawi wake, kulingana na majukumu ya kazi yake. Afya yake. Haukusema anasa yake. Mkiwa maofisa kesho, mkipanga zamu, lipangeni hilo kama mnavyopanga zoezi la moto. Hata saa mbili. Hata hadi kwenye duka la kona.

Naona nyuso za kina mama. Najua mnachowaza: kushuka ndiko kunakowaharibu waume zetu. Sitawadanganya, baa ya kwanza baada ya geti ipo, na nimewaona walioishia humo. Lakini nimemwona pia mtu aliyekaa miezi minane bila kushuka akaanza kuongea na ukuta. Yule tuliyemwogopa ni huyo.

Na sisi watu wa Dar es Salaam tuna la kufanya. Mimi siku hizi naishi Kigamboni, navuka na pantoni. Kila siku meli zinaingia kwenye ule mlango wetu, karibu kabisa, mnaona hadi nguo zilizoanikwa. Ndani yake wamo watu wa Myanmar, wa Ukraine, wa India, wa Ufilipino. Wachache wanaopata ruhusa mtawakuta Kariakoo, wanatembea wawili wawili, wanashika vitu bila kununua. Msiwapandishie bei. Dereva wa bajaji, usimzungushe Posta mara mbili. Ana saa nne tu, na saa moja kati ya hizo ni ya kungoja ardhi itulie.

Mwaka jana niliwapata wawili kwenye pantoni, Waburma, wale wa Myanmar, vijana. Walikuwa wamepanda kwa kupanda tu, wakavuka, wakawa wanarudi. Nikawauliza kwa ile lugha yetu ya melini kama wamekula. Nikawapeleka Coco Beach. Ilikuwa Jumapili jioni, mnaijua ilivyo, moshi wa mishikaki, watoto majini na nguo zao, muziki kutoka kila upande. Nikaagiza mihogo na pilipili na kachumbari. Mmoja alikula. Mwenzake alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akaenda kusimama mchangani karibu na maji, hasemi kitu. Nilimtazama kwa nyuma. Amepanua miguu kidogo, magoti yamelegea, anangoja wimbi.

Nikamwambia muuzaji asimwite. Amwekee sahani yake juu ya jiko isipoe.